Injini za Magari na Modeli Zake za Kuunganisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaposema "modeli ya injini", ninazungumzia kitu gani hasa?

Jina hilo moja limebeba vitu vitatu tofauti, na ugomvi mwingi kati ya wapenzi wa modeli hutokana na kuvichanganya. Kuna modeli ya maonyesho, ambayo kwa kawaida ni ya plastiki angavu, inayozungushwa kwa mkono au kwa mota ndogo ya umeme ili pistoni, valvu na krenki (shafti iliyopinda inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa wa kuzunguka) zionekane zikifanya kazi. Kuna injini ndogo ya chuma inayochoma mafuta kwelikweli. Na kuna ile injini iliyomo ndani ya modeli ya gari zima, ambayo haizunguki wala haichomi kitu, kwa sababu kazi yake ni kuonekana tu pale boneti inapofunguliwa. Ya kwanza inafundisha mpangilio, ya pili inafundisha tabia ya moto na msuguano, na ya tatu inafundisha sura. Asiyejua anachotaka kujifunza atanunua modeli nzuri kisha ailaumu bure.

Kipimo cha 1:4 kina maana gani kwa injini?

Kina maana kwamba kila urefu umegawanywa kwa 4. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba basi kila kitu kimegawanywa kwa 4. Eneo linagawanywa kwa 16, na ujazo pamoja na uzito, iwapo metali ni ileile, vinagawanywa kwa 64.

Tuchukue mfano wa injini ya Chevrolet ya V8, yaani silinda nane katika safu mbili zenye umbo la V, iliyotoka mwaka 1955, ile ya inchi za ujazo 265. Kipenyo cha silinda yake ni mm 95.25, na pistoni husafiri mm 76.2 kutoka juu hadi chini. Ukiipunguza kwa 1:4, unapata silinda yenye kipenyo cha karibu mm 24 na mwendo wa pistoni wa mm 19. Mpaka hapo inaonekana kama injini nzuri ya kuweka mezani. Lakini ujazo wake, ambao ulikuwa takribani lita 4.3, sasa ni cc 68 hivi kwa silinda zote nane, yaani kila silinda ina cc 8.5 tu. Ukishuka hadi 1:24, kipenyo cha silinda kinakuwa mm 4, na bolti ya mm 8 inakuwa na unene wa theluthi ya milimita. Hakuna spana ya bolti hiyo.

Ni mpangilio upi wa silinda unaoeleweka vizuri zaidi kupitia modeli?

Jibu langu ni V8, ingawa walimu wengi huanza na silinda nne za mstari mmoja. Injini ya silinda nne za mstari ni rahisi kiasi kwamba mchoro mzuri unatosha: pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, ya 2 na ya 3 hushuka pamoja, na katika injini nyingi mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Modeli inaongeza raha, lakini haiongezi maarifa mengi.

V8 ni jambo jingine. Krenki ya V8 nyingi za Kimarekani ina pini nne zilizoachana kwa digrii 90, na ukiitazama kutoka mbele unaona msalaba. Kila pini inabeba konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) mbili, moja ya safu ya kushoto na moja ya safu ya kulia. Katika ile Chevrolet, safu ya kushoto ina silinda 1, 3, 5 na 7, safu ya kulia ina 2, 4, 6 na 8, na mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Maelezo hayo yakiandikwa hivi hayashikiki kichwani. Izungushe modeli taratibu, weka kidole juu ya kila silinda inapofika zamu yake, na utagundua jambo ambalo watu huendesha gari miaka ishirini bila kulijua: zamu hazipokezani sawasawa kati ya kushoto na kulia. Silinda ya 8 na ya 4 zinafuatana upande mmoja, kisha ya 5 na ya 7 zinafuatana upande wa pili. Moshi unaotoka kila upande basi hautoki kwa mapigo yenye nafasi sawa, na hiyo ndiyo asili ya ule mngurumo wa kugugumia unaozitambulisha V8 za Marekani.

V8 za Ferrari kwa kawaida hutumia krenki bapa, ambayo pini zake zote ziko kwenye mstari mmoja, mbili juu na mbili chini. Hapo kushoto na kulia hupokezana bila kuruka zamu, na injini inalia kwa ukali. Ukiwa na krenki mbili za modeli mkononi, moja ya msalaba na moja bapa, tofauti hiyo inaeleweka kwa dakika moja.

Modeli maarufu kuliko zote za aina hii ni ile ya V8 angavu ya kipimo cha 1:4, iliyoanzia kwa kampuni ya Renwal na baadaye kuuzwa na Revell. Imelea vizazi vya mafundi, licha ya kwamba plastiki yake inahitaji subira kubwa wakati wa kuunganisha.

Kuna tofauti gani kati ya boksa na injini nyingine bapa?

Injini zote mbili zimelala, silinda zikitazamana kushoto na kulia, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko kwenye krenki. Katika boksa, kila pistoni ina pini yake mwenyewe, na pistoni mbili zinazotazamana hutoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja, kama ngumi za bondia. Katika ile injini nyingine bapa, inayoitwa V ya digrii 180, pistoni mbili hushirikiana pini moja, hivyo moja inapotoka nje mwenzake anaingia ndani. Injini ya silinda 12 ya Ferrari Testarossa ni ya aina hiyo ya pili, ingawa watu wengi huiita boksa.

Kwa boksa halisi, modeli mbili zinazofaa ni zile za Franzis za kipimo cha 1:4, moja ikiwa ya Volkswagen Beetle yenye silinda nne na nyingine ya Porsche 911 yenye silinda sita. Mimi ningeanza na Beetle. Injini yake halisi ina mambo ambayo mbunifu wa leo angeyaonea wivu kwa uchache wa vipuri: kamshafti (shafti yenye nundu za kufungua valvu) imekaa chini ya krenki na inaendeshwa moja kwa moja na gia, bila cheni wala mkanda, na nundu nne tu za kamshafti zinatosha kufungua valvu nane, kwa kuwa kila nundu inasukuma tapeti, yaani kipande kinachopokea msukumo wake, ya kushoto na ya kulia kwa zamu. Feni ya kupooza imefungwa kwenye shafti ya dainamo. Injini hiyo haina rediaeta wala pampu ya maji. Modeli inapoficha jambo kama lile la nundu nne, ama kwa kuziongeza au kwa kuzifunika, inakuwa imepoteza sehemu bora ya somo.

Kwa nini inasemekana kwamba modeli ya maonyesho inafanya kazi kinyumenyume?

Kwa sababu ndivyo ilivyo. Katika injini halisi, moto husukuma pistoni, pistoni husukuma konrodi, na konrodi huzungusha krenki. Katika modeli, mkono wako au mota ya umeme huzungusha krenki, nayo krenki huburuta pistoni. Taa ndogo zinazowaka juu ya silinda kuigiza cheche hazisukumi chochote. Kwa hiyo usitafute kwenye modeli jibu la swali la nguvu inatoka wapi. Tafuta jibu la swali la kitu gani kinafuata kingine, kwa sababu hapo modeli ni mkweli: kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, gia yake ina meno mara mbili ya gia ya krenki, na mipigo minne ya kuvuta hewa, kubana, kuwaka na kutoa moshi inaonekana kwa mpangilio ule ambao Nikolaus Otto aliufanikisha mwaka 1876.

Je, modeli inaweza kunionyesha ni injini ipi inayotikisika zaidi?

Hapana. Mtikisiko unatokana na uzito unaoanzishwa na kusimamishwa kwa kasi kubwa, na pistoni ya plastiki inayopanda mara moja kwa sekunde haina uzito wa kutosha kumtikisa hata nzi. Silinda sita za mstari zinasifika kwa utulivu kwa sababu nguvu za pistoni zake hughairiana karibu zote, wakati silinda nne za mstari hubakiwa na mtikisiko unaopiga mara mbili kila krenki inapozunguka. Modeli za injini hizi mbili zitakuwa tulivu sawasawa mkononi mwako. Kinachoonekana ni sababu tu: pistoni iliyo juu hutembea kwa kasi kuliko iliyo chini kwa pembe ileile ya krenki, kwa kuwa konrodi inainama. Pima kwa rula. Zungusha krenki digrii 90 kutoka juu kabisa, na utaona kwamba pistoni imeshapita nusu ya safari yake.

Injini ndogo inayochoma mafuta inafanana kiasi gani na ile kubwa?

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo penye maneno mengi ya matangazo. Kwa sura inaweza kufanana sana. Kwa kanuni ya mipigo minne inafanana kabisa. Lakini maumbile hayapunguzwi kwa kipimo kimoja.

Tuanze na habari njema. Kinachoitesa pistoni ni kasi yake, wala si idadi ya mizunguko. Ile V8 ya 1955 ilitoa nguvu za farasi 162 kwenye mizunguko 4,400 kwa dakika. Injini ya robo kipimo ina safari fupi mara nne, hivyo inaweza kuzunguka mara 17,600 kwa dakika huku pistoni ikienda kwa mwendo uleule. Nguvu inafuata eneo la pistoni na mwendo wake, kwa hiyo kinadharia ingebaki moja ya kumi na sita, yaani nguvu za farasi 10 hivi, ilhali uzito umeshuka mara 64. Kwa hesabu hiyo injini ndogo ingekuwa na nguvu kwa uzito mara nne ya ile kubwa!

Haifiki huko. Chumba kidogo cha moto kina ukuta mwingi kwa gesi kidogo, na joto linakimbilia kwenye chuma kabla halijafanya kazi. Msuguano wa ringi na beringi unakula sehemu kubwa zaidi. Matone ya mafuta hayapungui ukubwa kwa kuwa kabureta imepungua. Na mianya haikubali kupunguzwa: mwanya wa valvu ambao katika Beetle za miaka ya baadaye ni mm 0.15 ungekuwa chini ya mm 0.04 kwa kipimo cha 1:4, wembamba unaoushinda unywele, kwenye injini inayopanuka ikipata joto. Mtengenezaji mwaminifu huacha mwanya mkubwa kuliko kipimo kinavyodai, na anakubali kwamba gesi kidogo itavuja.

Plagi nayo ni mkaidi. Uzi wa skrubu wa plagi ya kawaida ya gari una kipenyo cha mm 14. Kwa robo kipimo ungekuwa mm 3.5, na ndani ya hapo kauri ya kuzuia umeme inakuwa nyembamba mno, wakati cheche bado inahitaji mwanya wa kutosha ili iwashe mchanganyiko. Ndiyo maana wajenzi wengi hutumia plagi ndogo zenye uzi wa karibu mm 6, zinazoonekana kubwa kupita kiasi juu ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Wengine huacha cheche kabisa na kutumia plagi yenye waya wa platini, ambao ukishapashwa joto na betri huendelea kuwa mwekundu wenyewe kwa kukutana na mvuke wa methanoli. Seti nyingi za chuma za Toyan za silinda moja, zinazouzwa tayari kuunganishwa, zimejengwa kwa njia hiyo. Mafuta yake ni methanoli, nitromethani na oili, wala si petroli, kwa hiyo usilinganishe matumizi yake na ya gari.

Kuna modeli ya injini ya dizeli?

Za maonyesho zipo. Zile ndogo zinazoitwa "dizeli" na wapenzi wa ndege za modeli zinawaka kwa kubana, kama alivyokusudia Rudolf Diesel, lakini hazina pampu wala nozeli ya kunyunyizia mafuta. Huchoma mchanganyiko wa mafuta ya taa, oili na etha uliokwisha kuchanganyika na hewa kwenye kabureta, na nyingi ni za mipigo miwili. Undugu upo, ila ni wa mbali.

Na injini ya Wankel, isiyo na pistoni?

Hii naipendekeza kwa yeyote anayedhani ameshaelewa injini. Rota yenye pembe tatu inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la nane iliyonenepa kiunoni, na shafti inazunguka mara tatu kila rota inapozunguka mara moja. Meno ya gia ya rota na ya gia iliyosimama yana uwiano wa 3 kwa 2. Watu husoma namba hizo na kutikisa kichwa, kisha wakishika modeli na kuzungusha shafti polepole wananyamaza kidogo na kusema, "Kumbe!"

Kampuni ya NSU ya Ujerumani iliileta barabarani mwaka 1964 katika gari lake la Spider, Mazda ikafuata na Cosmo mwaka 1967, na mwaka 1991 Mazda 787B yenye rota nne ikashinda mbio za saa 24 za Le Mans. Udhaifu wake mkubwa, hasa kwenye NSU Ro 80, ulikuwa sili za ncha za rota, zinazokwaruza ukuta wa chumba muda wote. Modeli nyingi za maonyesho hazina sili hizo au zimezichora tu. Injini ndogo ya Wankel inayochoma mafuta nayo imewahi kuuzwa: O.S. ya Japani iliitengeneza kwa ajili ya ndege za modeli, ikiwa na karibu cc 5.

Injini za ndani ya modeli za magari ya 1:24 zinafaa kwa ulinganisho?

Zinafaa kwa kujua kitu kimekaa wapi. Modeli kubwa za Tamiya za 1:12 zina mabomba, nyaya na mifereji ya hewa kwa kiwango ambacho unaweza kufuata njia ya mafuta kwa kidole. Kwenye 1:24, bloku huwa nusu mbili zilizogundishwa, hedi huwa kipande kimoja na kifuniko chake, na seti nyingi hazina injini kabisa. Kama unataka kuhamisha injini kutoka seti moja hadi nyingine, angalia kama zote ni 1:24 au mojawapo ni 1:25, kipimo kilichozoeleka katika seti za Kimarekani. Injini yenye urefu wa mm 700 itakuwa mm 29.2 katika ya kwanza na mm 28 katika ya pili. Jicho halioni tofauti hiyo, lakini vishikio vya injini vitaiona. Waya za plagi ndizo zinazoharibu modeli nyingi: waya halisi wa mm 7 unapaswa kuwa mm 0.3, na watu huweka wa mm 0.5 kisha wakashangaa kwa nini injini inaonekana kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Nimeunganisha kila kitu lakini taa zinawaka wakati usiofaa. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni kosa la mzunguko mmoja. Pistoni ya 1 hufika juu mara mbili katika mzunguko kamili wa mipigo minne, mara moja ikibana na mara moja ikimalizia kutoa moshi. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga distribyuta ya modeli, kifaa kinachogawa umeme kwa kila silinda, pistoni ikiwa juu, nikiwa na uhakika kamili, na taa zote zikawaka wakati wa kutoa moshi. Usitazame pistoni peke yake. Tazama valvu mbili za silinda ya 1: zikiwa zimefungwa zote na pistoni iko juu, hapo ndipo pa kufungia. Fundi wa gari halisi anakagua vivyo hivyo, na kosa hilohilo hufanyika kwenye gereji.

Kuna jambo moja ambalo modeli haitakuadhibu kwalo. Katika injini nyingi halisi, kukosea mkanda wa taimingi, unaounganisha krenki na kamshafti, kwa meno kadhaa kunafanya pistoni igonge valvu na kuipinda. Modeli nyingi za plastiki zimeachiwa nafasi kubwa juu ya pistoni, na mwanafunzi anaweza kumaliza kazi akiamini kwamba meno matatu si kitu.

Krenki inazungushwa upande gani?

Simama mbele ya injini, upande usio na flaiwili (gurudumu zito lililofungwa mwisho wa krenki), na uzungushe kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Hivyo ndivyo injini nyingi za magari zinavyozunguka. Ukizungusha kinyume, modeli haitavunjika, lakini mipigo itakuja kinyume: moshi utaingia kupitia valvu ya kutolea na hewa itatoka pale inapopaswa kuingilia. Kabla ya kumsahihisha mwenzako, hata hivyo, muulize modeli yake ni ya injini gani, kwa sababu injini nyingi za magari ya Honda za kabla ya familia ya injini zake zinazoitwa K zilizunguka upande wa pili.